Mayai ya Josho la Zamani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, fimbo ndefu yenye alama za vipimo, na buti za mpira zilizokuwa za mtu aliyekufa. Kituo kilikuwa josho la ng'ombe karibu na Sigor, na cheo changu kilikuwa msaidizi wa josho, cha chini kabisa, chini hata ya mlinzi, maana mlinzi alikuwa na koti. Vijana wa leo wanaopulizia ng'ombe dawa kwa pampu ya mgongoni huenda hawajaona josho likifanya kazi. Lilikuwa shimo la saruji, refu na jembamba, lililojaa maji yenye dawa ya kuua kupe. Ng'ombe alisukumwa kutoka upande mmoja, akaruka, akazama hadi pembe, akaogelea na kutokea upande wa pili akitiririka maji. Kazi yangu ilikuwa kupima kina kwa ile fimbo, kuongeza dawa kwa kipimo, na kuhesabu ng'ombe waliopita.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa mkaguzi wa mifugo wa eneo lile, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo. Sote tulimwita Inspekta.

"Wewe Mkisii," aliniambia asubuhi ile, maana mimi ni mtu wa Nyamira na baba yangu alikuja Kericho kuchuma chai, "hii dawa haina urafiki na mtu. Ukimaliza kazi, nawa mpaka kiwiko. Usiweke kitu mdomoni kabla ya kunawa. Ukisikia harufu yake kwa ugali, ujue umechelewa."

Nilinawa. Katika jambo hilo sikuwahi kuwa mzembe.

Mara kwa mara josho lilichafuka ikabidi litolewe maji. Chini kabisa palikuwa na tope zito, mchanganyiko wa udongo, mavi, manyoya na dawa iliyozama humo miaka nenda miaka rudi. Tulilichota kwa ndoo tukalimwaga upande wa chini wa uzio, juu ya nyasi. Nilimuuliza Inspekta kama hapo ndipo pahali pake.

"Unataka kulipeleka kanisani?" akanijibu. "Mwaga hapo. Mvua itaosha."

Kila josho nililolijua lilikuwa na mahali pake pa kumwaga tope, upande wa chini, na baada ya miaka michache nyasi zilimea juu yake zikafunika kila kitu. Jambo hili nililijua kwa mikono yangu mwenyewe. Naomba msomaji alishike, kwa sababu mimi baadaye sikulishika.

Nilipelekwa kusomea cheti cha mifugo, na niliporudi nikapangiwa Soin, kule chini kwenye joto, ambako watu hulima miwa na mahindi badala ya chai. Afisa Mifugo wa Tarafa alikuwa mama mmoja kutoka upande wa ziwani, mnene wa mwili na mwepesi wa macho. Tulimwita Madam. Ng'ombe aliwaachia wengine. Yeye alikuwa na wazimu wa kuku, na ndiye aliyenifundisha kupima yai.

Yai hupimwa kwanza likiwa zima. Unalimulika, yaani unaliweka mbele ya tundu lenye taa ukiwa ndani ya chumba chenye giza, ukaona hata ufa usioonekana kwa macho. Kwenye ncha butu kuna chumba cha hewa. Kikiwa kidogo, yai ni la jana au juzi. Kikiwa kikubwa, limekaa sana na mwenye duka anakudanganya. Kisha kutoka kila trei unachagua moja unalivunja juu ya kioo bapa, unachuchumaa hadi macho yako yawe usawa wa kile kioo. Yai bora husimama. Kiini kinakuwa kimeinuka, na ute mzito umekizunguka bila kukimbia. Yai la zamani hutandaa kama uji mwepesi. Mwisho unatoa kadi ya rangi, ambayo huanza na manjano hafifu ya kuku aliyefungiwa ndani na kuishia kwenye rangi ya chungwa ya kuku anayekula majani na wadudu.

"Mkulima atakudanganya," Madam alizoea kusema. "Kuku pia atakudanganya, leo amesimama, kesho amekufa. Lakini yai ukilivunja litakwambia kila kitu."

Alikuwa mwalimu mzuri kuliko wote niliowapata. Kwa hilo moja alikosea, na mimi nililibeba neno lake miaka mingi bila kulivunja nione kilichomo ndani.

Majosho yalipoachiwa wakulima wayaendeshe wenyewe, mengi yalikufa. Mabati ya paa yaling'olewa, saruji ikapasuka, na kazi za watu kama sisi zikapungua. Ndipo nikajiunga na shirika moja lililonunua mayai ya kuku wa malishoni kutoka kwa vikundi vya akina mama na kuyauza kwenye mahoteli. Jina lake sitalitaja, na halipo tena. Cheo changu kilikuwa mkaguzi wa ubora, lakini vijijini mtu yeyote anayeshughulika na mifugo huitwa daktari, nami nililizoea jina hilo nikalipenda.

Kuku wa malishoni si yule wa kienyeji anayezurura na kutaga kichakani. Huyu hulala ndani ya banda jepesi la mbao na wavu, ambalo watu wanne wanaweza kulibeba. Asubuhi hufunguliwa akatembea kwenye nyasi zilizozungushiwa wavu. Kila baada ya siku tatu banda husogezwa hatua kadhaa, ili asiishi juu ya mavi yake na apate majani mapya na wadudu wapya. Ndiyo kazi yote, na ikifanywa vizuri kuku hutaga mayai ambayo mpishi akiyaonja mara moja hataki mengine.

Shida ni kwamba nchi ya chai haina nyasi. Simama Kabianga utazame pande zote: ni kijani mpaka macho yachoke, lakini yote ni chai. Watu wameipanda hadi mlangoni, hadi ukingoni mwa makaburi ya wazee wao. Ng'ombe wenyewe hukatiwa majani na kuletewa zizini. Kikundi kikitaka kufuga kuku wa malishoni, swali la kwanza ni hilo: wataenda wapi?

Upande huo wa Kabianga, katika kijiji ambacho jina lake nitaliacha kwa kuwa watu wangali wanaishi hapo, kulikuwa na kikundi kilichoongozwa na mjane mmoja aitwaye Tabutany. Wote tulimwita Kogo, yaani nyanya. Alikuwa na maneno machache na mikono isiyotulia. Alimlea mjukuu wake Chelangat, msichana wa miaka miwili ambaye mama yake alifariki wiki moja baada ya kumzaa. Mtoto alikuwa mwembamba, nywele zimegeuka rangi, na hakucheza kama wenzake.

"Dakitari," Kogo aliniambia siku tuliyojuana, "huyu mtoto hanenepangi. Hospitali wanasema nimpatie protini. Sasa protini nitatoa wapi na ng'ombe yangu imekauka?"

"Mkianza kuku, mpe yai moja kila siku."

"Wazee wanasema mtoto akikula mayai atachelewa kuongea."

"Kogo, daktari ni nani kati yangu na wazee?"

Akacheka, akafunika mdomo kwa kitambaa. "Ni wewe."

Nilimtafutia malisho kana kwamba ni shamba langu mwenyewe. Wiki ya pili, nikipita na pikipiki ya shirika, nikaona chini ya barabara josho lililokufa, na kando yake, upande wa chini, nyasi zilizofika magotini. Kama ekari moja na nusu. Ilikuwa ardhi ya umma, haina chai, haina mbuzi, haina mtu. Nilizima pikipiki nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Mtu ataniuliza: hukuona kwamba ni josho? Niliona. Hata niliwasimulia akina mama jinsi nilivyoanza kazi mahali kama pale, na buti za marehemu, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilikuwa na ujuzi wote uliotakiwa, ndani ya kichwa kimoja, na sikuukutanisha. Macho yangu yalikuwa yamefunzwa kutafuta nyasi na yakaziona. Kuhusu tope nilifikiri, kama nilifikiri kitu, kwamba mvua ilikwisha kuliosha.

Ng'ambo ya barabara aliishi mzee arap Kirui. Alituona tukipima mahali pa kusimika wavu akaja polepole na fimbo yake.

"Dakitari, hapo sisi hatulishangi. Hata mpuzi ikifunguka iingie hapo, tunaikimbiza."

"Kwa nini, mzee?"

"Baba yangu alikataza."

"Alisema sababu?"

"Hakusema. Alikataza tu."

Nilimshukuru kwa heshima, nikaendelea kupima. Jioni ofisini nilimwiga, sauti yake na *mpuzi* wake, na watu wakacheka. Mimi mgeni wa miaka mingi katika nchi ya watu, niliyekunywa maziwa yao na kujua salamu zao, niliona neno la babake mtu ni ushirikina wa wafugaji. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyoambiwa. Guu lililovunjika halikuwa langu.

Fomu ya kuidhinisha malisho niliijaza mwenyewe na kuitia sahihi.

Ndani ya miezi michache mayai ya kikundi kile yalikuwa gumzo. Ganda lilikuwa gumu kiasi kwamba ulihitaji kuligonga mara mbili. Ute ulisimama. Kiini kilikuwa rangi ya chungwa iliyoiva, mwisho kabisa wa kadi, na kilipowekwa kwenye kikaango hakikupasuka. Meneja wa shirika, kijana aliyevaa tai hata kwenye matope, alileta wageni waje kuwaona kuku wale, na picha ya Kogo akiwa na trei ilitundikwa ofisini. Chelangat naye alinenepa. Nywele zilirudi nyeusi, akaanza kukimbia, akaongea mapema na kwa wingi, na Kogo akapata la kuwaringia wazee. Kila nilipofika alinisukumia mtoto mbele nimpime kwa macho. Nilijivunia msichana yule kuliko mayai yote, nasema kweli.

Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha hoteli moja kubwa ikataka karatasi ya maabara kabla ya kuanza kununua, na Meneja akatuma mayai ya kikundi chetu bora. Majibu yaliporudi aliniita.

"Mzee, funga mlango."

Nilisoma ile karatasi nikiwa nimesimama, halafu nikaketi. Ndani ya kiini kulikuwa na mabaki ya dawa za kupe za zamani, zile zilizopigwa marufuku, kwa kiasi ambacho hakitakiwi kuliwa na mtu. Mara moja, bila kuambiwa, nikaliona tope. Niliiona ndoo mkononi mwangu na nyasi za Sigor. Dawa zile hazioshwi na mvua. Hukaa udongoni miaka na miaka, na zikiingia mwilini hujificha kwenye mafuta, na mafuta ya yai yako kwenye kiini. Kuku hudonoa udongo pamoja na mdudu, ndivyo alivyoumbwa. Kadiri unavyompa uhuru, ndivyo anavyoila ardhi anayokanyaga. Nilikuwa nimepima mayai yale kila wiki kwa miaka miwili, na kadi ya rangi haikuwa na rangi ya jambo hilo.

"Tuwaambie leo," nikasema.

"Tukiwaambia leo, kesho iko kwa redio," Meneja akajibu. "Vikundi vyote vitaanguka, si hiki kimoja. Na watauliza nani aliwapeleka hapo. Sahihi iliyo kwa fomu ya malisho ni ya nani?"

Ilikuwa yangu. Alijua.

"Tutasema ni kideri. Kuku wote wachinjwe wazikwe, wakae miezi sita bila kuku, halafu tuwatafutie pahali pengine. Mayai yakiisha, shida imeisha. Nani ataumia tena?"

Nikakubali. Naweza kusema niliogopa, na nilikuwa na sababu. Mimi ni mgeni kule. Mwaka mmoja mbaya wa uchaguzi nyumba ya kakangu ilichomwa na watu waliomjua kwa jina, na nilijiona nikisimama mbele ya mkutano nikisema: nimewalisha watoto wenu sumu. Lakini uoga ulikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa aibu. Sikutaka Kogo ajue kwamba daktari wake ni mjinga.

Kideri ni ugonjwa wa kuku kupinda shingo, kukoroma na kuhara kijani. Siku tuliyokwenda kuchinja, kuku wale walikuwa wakiparura nyasi, upanga wa kichwani mwekundu, macho makavu na makali. Akina mama walisimama kando wakiwa wamefunga mikono.

"Dakitari," Kogo aliniuliza, "hawa wanaumwa wapi?"

"Ugonjwa uko ndani, Kogo. Bado haujatoka."

Alinitazama, kisha akawatazama kuku. "Na mtoto? Yai yake itatoka wapi?"

"Nitakutafutia."

Sikumtafutia. Nilikwepa kijiji kile. Shirika halikuwapa malisho mengine, na uzio wa kufunga nyasi za josho, ambao Meneja aliahidi kuujenga kimyakimya, haukujengwa.

Karibu mwaka mmoja baada ya kuzika kuku, nilikutana sokoni na mama mmoja wa kikundi akanipa habari. Chelangat alikuwa ameanza kuanguka. Alikuwa akicheza, akakakamaa, macho yakageuka, na alipozinduka hakumjua nyanya yake. Ikawa kila mwezi, kisha kila wiki. Kifafa, walisema hospitalini. Baadaye nikasikia ameangukia moto wa jikoni, Kogo akiwa kisimani, na mkono wa kushoto umeungua vidole vikashikana.

Sasa nitaeleza nilivyoweza kula na kulala. Nilifanya hesabu. Kuku walichinjwa, mayai yakaisha. Mtoto akakaa mwaka mzima bila kuyala, mzima wa afya, ndipo akaanza kuanguka. Kama ni mayai, kwa nini asianguke wakati anayala? Watoto wangapi hupata kifafa ambao hawajaona josho? Hesabu hiyo nilikuwa nayo mfukoni kama mtu anavyokuwa na dawa ya pumu. Ilinifikisha mpaka siku ya kustaafu, ambayo shirika lilinipa redio na Meneja akanisifu kwa uaminifu.

Miaka mitatu baadaye, shirika likiwa limefungwa na hakuna tena mtu wa kunifuta kazi, nilikwenda kwa Kogo. Ujasiri wa kuja baada ya hatari kupita ni wa bei rahisi, ninajua. Ilikuwa asubuhi, naye alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Alikuwa amezeeka sana. Alinikaribisha, akaniwekea chai ya maziwa kwenye kikombe cha wageni, akauliza habari za watoto wangu mmoja mmoja.

"Kogo," nikasema, "kuku wenu hawakuwa na kideri."

"Najua."

"Ulijua?"

"Kuku mgonjwa mimi naijua. Zile zilikuwa nzima."

Nikamweleza. Nilianza na tope la josho, nikaja kwenye udongo, kiini, karatasi ya maabara, Meneja, sahihi yangu. Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Sumu ilikuwa kwa yai?"

"Ilikuwa kwa udongo, ikaingia kwa yai." Na hapo hapo nikakimbilia dawa yangu. "Lakini Kogo, sidhani ndiyo iliyomfanya Chelangat aanguke. Alianza mwaka mzima baadaye. Mayai yalikuwa yameisha."

"Hayakuisha," akasema.

Akaweka ungo chini.

"Siku ile mlikuja kuchinja, mimi nilificha nne. Niliziweka kwa stoo ya mahindi nikafunika na gunia. Niliona haziumwi kitu. Nikasema dakitari amekosea, lakini ni mtu mzuri, nisimwaibishe mbele ya watu." Aliongea bila kupandisha sauti. "Mkienda, nikakaa wiki mbili, nikazirudisha kwa josho, maana hapo ndio zilikuwa zimezoea. Mayai yote yalikuwa ya mtoto. Sisi wakubwa hatukugusa hata moja."

"Mpaka lini, Kogo?"

"Mpaka zikazeeka. Na akianza kuanguka, nikaongeza. Nikampa mawili kwa siku, ndio apate nguvu."

Nikaifanya upya ile hesabu yangu.

"Ungeniambia ni sumu," akasema, "ningezichinja mimi mwenyewe. Siku hiyo hiyo. Uliniambia ugonjwa, nikaangalia, nikakosa kuona ugonjwa."

Aliinuka kwa kushikilia mlango. Alichukua kile kikombe ambacho nilikuwa sijakigusa, akatoka nje akakimwaga chini, akarudi kwenye maharagwe yake. Hakunifukuza. Niliketi pale mpaka nikaona nazuia mwanga, nikaondoka.

Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi kilio kilinifichua kikiwa cha mtu mwingine. Wiki ile nilimwendea chifu nikaomba nafasi kwenye baraza. Nilisema yote mbele ya watu. Wengine walinitukana, mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sababu alikuwa amepanda sukuma wiki pale pale kando ya josho kwa misimu minne. Hakuna aliyenigusa, ingawa hilo ndilo nililoliogopa miaka hiyo yote. Uzio ulijengwa na vijana wa kijiji kwa siku mbili. Mzee arap Kirui alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo kwake sikupata kusema lolote.

Daktari wa kifafa mjini Kericho, nilipomweleza, aliandika kwa muda mrefu. Kisha akaniambia hawezi kusema ndiyo na hawezi kusema hapana, na kwamba sasa hakuna kipimo kitakachoonyesha kilichompata mtoto wakati ule. Hilo nitaishi nalo. Hesabu yangu ya zamani ilikuwa na jibu, hii haina.

Vijana wa mifugo hunijia bado, maana wamesikia kwamba mzee huyu anajua mayai. Hutaka kujua rangi ya kiini huletwa na majani gani, na banda lisogezwe kila baada ya siku ngapi. Nawaeleza. Lakini mimi huanza kwa kuwauliza juu ya ardhi: ilikuwa nini kabla ya kuwa nyasi, na mwenyeji mzee kuliko wote amesema nini. Akisema babake alikataza bila kutaja sababu, kaeni naye chini mpaka sababu ipatikane. Na mkikosea, nendeni mkamwambie mwenye sahani, yule anayekula, siku hiyo hiyo, kabla ya kumwambia bosi. Wengine huandika. Wengine hutazama simu zao, nami siwalaumu, kwa maana katika umri wao nami nilijua kila kitu.

Kogo ni mdhaifu sasa, hawezi safari. Kila mwezi mimi ndiye ninayempeleka Chelangat kliniki kuchukua dawa zake. Ana miaka kumi na saba. Shule aliacha, kwa sababu walimu waliogopa ataanguka ngazini. Ni msichana mtulivu, mwenye kicheko cha ghafla, na hutembea upande wa ndani wa njia ili nikihitaji nimdake. Nyanya yake alikubali nimpeleke kwa sharti moja.

"Wewe ndio utamwambia," alisema. "Si mimi."

Nilimwambia mwezi uliopita, tukiwa kwenye benchi la kungojea, kadi yake ya kliniki akiwa ameishika kwa mkono ule mzima. Nilianza tangu mwanzo. Sikumpunguzia, wala sikumtaja nyanya yake kwa lawama yoyote. Watu waliokuwa karibu walisikia, nikaacha wasikie. Nilipomaliza, majina matatu yaliitwa na watu watatu wakaingia ndani.

"Mimi hata siyakumbuki hayo mayai," akasema. "Yalikuwa matamu?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia kwamba katika miaka yote niliyopima mayai sikuwahi kuvunja mazuri kuliko yale, na hilo lilikuwa kweli.